Nywele Ndani ya Saruji

Kigoda cha marehemu kililowa saa sita mchana, jua la utosi, na hakuna aliyemwaga maji. Binti akakifuta. Kitambaa kikatoka na uji wa kijivu unaonuka saruji mbichi.

"Baba, umekalia kigoda cha mama na nguo za kazi?"

"Nimekalia kitanda changu tangu asubuhi," akajibu mzee. "Usinitafutie makosa, mwanangu, ninayo ya kutosha."

Mzee huyo alikuwa fundi wa sanamu, mtaani wakimwita Fundi Saruji. Mkewe alipokufa, badala ya kulia kama watu, alishika mwiko. Akamjenga ameketi, ungo mapajani, akamweka kwenye bustani ndogo ya stendi. Wanaume ndivyo walivyo: ukiwa hai hupati neno zuri, ukifa unapata sanamu.

Binti naye alizunguka mji akipiga picha sanamu ambazo watu huzipita kama nguzo za umeme: simba asiye na sikio mbele ya posta, samaki wa vigae ukutani mwa maktaba. Akizipata huzirusha mtandaoni, watu wajue zilipo. Ya mama yake aliirusha na maneno haya: "Huyu ni mama. Ukipita, msalimie."

Wakapita, maelfu. Shikamoo mama, shikamoo mama! Lakini ukibisha hodi nyumba tupu kutwa kucha, siku moja utaitikiwa, na anayeitikia si mwenye nyumba.

Tangu siku ile ya kigoda, kila adhuhuri vilisikika vishindo ukumbini, kama mtu anayetua mifuko ya saruji mmoja mmoja, kisha sauti ya kike, laini, kutoka jikoni: "Umekula?"

"Bado, mke wangu," mzee hujibu.

Na kila akijibu, kidole chake kimoja zaidi kiligeuka cha kijivu, kigumu. Binti alikigonga kwa kijiko, kikalia kama chungu.

"Baba, huyo si mama," alinong'ona. "Mama lini alimuuliza mtu kama amekula? Alisema, 'Chakula hicho, usipokula wewe atakula paka.'"

"Najua."

"Sasa unamjibia nini?"

"Ananiuliza," mzee akasema. "Nani mwingine ananiuliza?"

Ugumu ulipofika kwenye kiwiko, binti akamleta bibi mmoja mpunga majini. Bibi hakukaa. Alinusa ukumbi, akamgeukia mzee.

"Kichwa cha sanamu umekitia nini?"

"Katani iliniishia," mzee akasema. "Bila nyuzi saruji hupasuka. Nikatia nywele zake, zile tulizomkata alipougua."

"Basi umempa jini kichwa chenye nywele za mwenyewe, na bintiyo kampa watu wa kumwita. Kakivunje wewe, kwa mkono huo uliobaki."

Wakaenda mchana huohuo, na mzee akanyanyua nyundo kwa mkono mmoja, na watu wa stendi wakaanza kumzomea kwamba anavunja sanamu yao, na katikati ya zomeo lile sauti ikatoka kwenye midomo ya saruji isiyofunguka, taratibu, kama ya mtu anayekusogezea sahani, "Umekula?", na mzee akalia kilio alichokiweka tangu mazikoni, akapiga, akapiga tena huku akiomba radhi, mpaka kichwa kikapasuka na nywele nyeusi zikaning'inia kwenye ufa, mbichi, zinachuruzika maji ya kijivu.

Bibi alizichoma palepale. Jioni vidole vya mzee vilikunjika tena. Nyumba ikanyamaza.

Binti akaifuta picha ya sanamu mtandaoni. Lakini picha ikisharushwa ni kama pilipili iliyomwagwa, utaizoa yote wapi? Siku ya tatu alipata ujumbe wa mwanamke asiyemjua, wa mji wa mbali: "Dada, picha ya mama yako tumeitundika ukutani, tunamsalimia kila siku. Jana mchana tumesikia mtu jikoni, anatuuliza kama tumekula."

Simu ikamponyoka. Mzee akaiokota, akausoma ujumbe polepole, neno kwa neno. Binti akangoja aogope.

"Kwa watu baki anakwenda," mzee akasema. "Kwangu hata hodi habishi."

Akainama, akakipapasa kigoda cha mkewe. Kikavu.