Nani Ashike Umeme wa Nerys

"Nani kakuita hapa?"

Fundi wa umeme alirudi nyuma kidogo, mvua ikimchuruzika kwenye kofia. Alikuwa na begi la zana begani na mita mpya kwapani.

"Bwana Gethin Pugh, mama. Ndiye mwenye akaunti."

"Mwenye akaunti ya nyumba hii ni mimi."

"Ulikuwa wewe. Mmehamia kampuni yetu, na aliyejisajili ni yeye. Nimetumwa niondoe hii mita ya ufunguo, ya kulipia kabla, niweke ya kawaida."

Nerys alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Ng'ambo ya barabara, pazia la Bi Morfydd lilisogea. Hapa Aberdare, mji wa Wales, nyumba zimeshikana kama meno. Ukigombana mlangoni, mtaa mzima unajua umegombania nini.

"Mguu wako usivuke hapa," alisema kwa sauti ya chini.

Fundi akaaga kwa adabu, akaondoka. Nerys akachukua simu. Gethin alikuwa juu ya ngazi, akipiga lipu dari ya watu.

"Umefanya nini, Gethin?"

"Ah, kafika? Nilitaka ukute tayari. Ni zawadi."

"Zawadi."

"Hutakwenda tena dukani na ufunguo kwenye mvua. Wala taa hazitakuzimikia bafuni na sabuni machoni. Nakatwa benki mwezi kwa mwezi, basi. Tena ndiyo njia nafuu kuliko zote."

"Njoo nyumbani."

"Mpenzi, nina dari mbichi hapa, ikikauka..."

"Njoo."

Jumamosi ile walikuwa wafunge ndoa ofisi ya msajili. Gauni lilikuwa linaning'inia juu chumbani, na Delyth, dada yake Gethin, alikwisha kuoka keki. Walikubaliana wote wawili kuihama kampuni ya zamani, maana ilipandisha bei. Gethin ndiye aliyekaa na simu kujaza maombi. Nerys, akipakua supu ya kondoo, alimwambia malipo yabaki yalivyo: umeme ununuliwe kabla, uingizwe kwenye ufunguo dukani, ufunguo uchomekwe kwenye mita. Gethin alisikia vizuri sana. Aliona huo ni ubahili wa mwanamke aliyeishi peke yake muda mrefu, akachagua vingine.

Aliingia na lipu kwenye nyusi. Alianza kwa utani, akaona haufai, akaeleza unafuu. Nerys akamwambia unafuu anaujua, hajaomba kufundishwa hesabu.

"Basi mimi ni nani humu ndani?" Gethin aliuliza. "Mpangaji? Siruhusiwi hata kulipia taa ninayosomea gazeti?"

"Kulipa ruksa. Kushika, hapana."

"Tofauti yake nini?"

Nerys akaligeukia jiko. Hapo Gethin akasema neno ambalo angelimeza kama angejua.

"Clive alikuwa akikatwa benki. Delyth kaniambia. Kwa Clive ilifaa, kwangu haifai?"

Clive alikuwa mume wa kwanza wa Nerys. Nerys alizima jiko, akafuta mikono taratibu.

"Jumamosi usijisumbue kwenda kwa msajili," alisema.

Gethin alilala kwa dada yake. Asubuhi akatuma ujumbe: *Nerys, sikuelewi. Niambie kosa langu nilijue.* Nerys aliusoma jikoni shuleni, kati ya masufuria ya chakula cha watoto. Akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Aibu aliyoizika miaka mingi haikukubali kutoka kwa vidole. Kazi ilipoisha alikwenda mwenyewe, akamkuta Gethin amekaa kwenye ukuta mfupi mbele ya nyumba ya Delyth.

"Keti, usiinuke," alisema. "Clive alipoondoka, akaunti ilikuwa kwa jina lake. Akasimamisha malipo benki, hakuniambia. Barua zikaja, zote kwa jina lake. Mimi nimelelewa kwamba barua ya mtu haifunguliwi. Nikazipanga juu ya friji, nikamngoja azifungue mwenyewe."

"Nerys..."

"Ngoja nimalize. Watu wa kampuni ya umeme wakaja na amri ya mahakama na fundi wa kufuli, wakatoboa mlango mchana kweupe. Bi Morfydd kibarazani, watoto wa shule wanapita, na hao watoto ndio nawapakulia chakula. Siku hiyo ndiyo waliyoifunga ile mita unayoionea haya. Lakini ile mita, Gethin, hainifichi kitu. Ukiwa nacho inawaka, ukiwa huna inazima."

Gethin aliangalia viatu vyake. Angeweza kusema, mimi si Clive, neno ambalo mwanamume yeyote anaweza kulisema, hata Clive. Hakulisema.

"Kwa hiyo ulipokuwa unachagua malipo, ulinihesabu nimeshaondoka."

"Nilichagua kama mtu anayejua giza linavyoingia."

"Na mimi uliniambia, nikafanya kinyume, nikaiita zawadi." Akatoa simu. "Kaa hapa."

Alipiga kampuni, akaweka spika, akaiweka simu ukutani kati yao. Binti wa kampuni alisema muda wa kubadili mawazo haujaisha. Je, wangependa waendelee kukatwa benki, warudi kwenye ufunguo, au waletewe bili?

"Muulize mwenye nyumba," Gethin alisema.

Nerys aliinamia simu.

"Bili," alisema. "Ya karatasi, mlangoni, kila robo mwaka. Kwa majina mawili, ili yeyote kati yetu awe na haki ya kufungua bahasha."

"Njia hiyo ni ghali kidogo kuliko ya benki, mama."

"Najua. Kwa hiyo ziada nalipia kusoma."

Gethin akaisogeza simu karibu na Nerys.

"Sawa," binti alisema. "Jina la kwanza ni lako. La pili niandike nani? Na ni nani kwako?"

Nerys alimtazama yule mtu pale ukutani, ambaye safari hii alikuwa anangoja jibu.

"Andika Gethin Pugh. Mume, kuanzia Jumamosi saa tano asubuhi. Akichelewa, nitakupigia tena."