Doa Katika Jina la Mama

Kila siku baada ya shule, Sindano alivua sare yake, akaitundika ukutani, kisha akaingia chumba cha mbele ambacho mama yake alikigeuza karakana ya ushonaji. Jina hilo alipewa na wateja kwa wembamba wake, naye hakulikataa, maana kazi yake pale ilikuwa kutunga nyuzi, kushona vifungo na kufagia vipande vya nguo vilivyotapakaa sakafuni. Shuleni alisifika kwa jambo jingine kabisa. Darasani kwao hakuna aliyemshinda kwa insha. Mwalimu alipozisoma kwa sauti, Sindano alijifanya anatafuta kitu mkobani, lakini masikio yake hayakukosa hata neno.

Alasiri moja alimkuta mama ameketi mbele ya cherehani bila kushona. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Mama hata alipokuwa akigombeza watu, miguu yake iliendelea kukanyaga cherehani.

"Chama kimeninyima mkopo," mama alisema.

Sindano alijua uzito wa maneno hayo. Mwalimu mkuu wa shule kubwa ya mtaa wa pili alikuwa ameahidi kumpa mama kazi ya kushona sare za wanafunzi wote wapya, kwa sharti kwamba apate mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Akiba ya kianzio mama alikuwa nayo. Sehemu iliyobaki alitegemea kukopa kwenye chama cha akiba na mikopo. Bila mkopo hakuna mashine, na bila mashine kazi ingekwenda kwa fundi mwingine.

"Wamekunyima kwa nini?"

"Eti jina langu limechafuka. Wakitazama taarifa za mikopo wanaona mimi ni mdaiwa sugu." Mama aliguna. "Mdaiwa sugu! Mimi niliyemaliza kulipia cherehani hii hapa!"

Jioni mjomba akaja. Alikuwa mdogo wake mama, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi, na hakuja peke yake. Alifuatana na bwana mmoja aliyevaa viatu vilivyong'aa. Bwana huyo alijiita Mtaalamu, nasi tutamwita hivyo hivyo, kwa kuwa jina jingine hakulitaja.

"Dada, huyu ndiye mwenye dawa ya tatizo lako," mjomba alisema.

"Jina ni kama shati, mama," Mtaalamu alianza, akiwa ameshakaa kabla ya kukaribishwa. "Likichafuka, unampa dobi. Mimi ndiye dobi."

"Sasa hilo deni lenyewe ni la nani?"

"Hilo lisikusumbue. Mimi nafuta yote, la kweli na lisilo la kweli."

Kisha akataja bei yake. Sindano alimtazama mama, na mama akaitazama cherehani. Bei hiyo ingemeza karibu kianzio chote.

Mtaalamu hakuona haya. Alieleza kwamba mama angemlipa siku ya pili, pamoja na kumpa barua. Barua ingesema kuwa simu yake iliibiwa na mwizi akakopa kwa jina lake.

"Lakini simu yangu haijaibiwa," mama alisema.

"Ni maneno ya karatasini tu, mama. Kila mtu anafanya hivyo."

Mama alikuna kichwa. Sindano hakungoja. Aliogopa kazi ya sare isije ikaponyoka, na pia, tuseme ukweli, mkono ulikuwa unamwasha. "Mama, mimi nitaiandika. Ni kama insha tu."

Akaandika. Mvua ilikuwa inanyesha. Umeme ulikuwa umekatika. Mwizi mrefu mwenye kofia alichomoka uchochoroni, akampokonya mama simu huku mama akipiga mayowe yasiyo na wa kuyasikia. Mtaalamu alipoisoma alipiga makofi, akamwambia atakuja kuwa wakili. Sindano akavishwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa kwa furaha.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mama alitia pesa mkobani, akamwita Sindano, wakatoka. Walipofika njia panda, badala ya kushika njia ya kwa Mtaalamu, mama alikata kushoto.

"Tunakwenda wapi?"

"Ofisi ya taarifa za mikopo. Hata dobi humwonyesha mtu doa kabla ya kudai pesa. Siwezi kulipia doa nisilolijua."

"Atakasirika, mama! Na kazi ya sare itatupita!"

"Na akasirike."

Ofisini kulikuwa na benchi refu, feni inayolia, na karani mwanamke mwenye miwani. Mama alimweleza kwamba alitaka kujua kwa nini jina lake limechafuka. Hakuwa amemaliza kusema, Sindano akachomoa barua na kuiweka mezani. Alidhani anasaidia. Zaidi ya hapo, alitaka mtu mwingine aisome.

Karani aliisoma yote, bila haraka. "Pole sana kwa mkasa huu, mama. Namba ya simu iliyoibiwa ndiyo hii iliyoandikwa hapa chini?"

Mama aliubana mkoba wake kwapani. Karani akachukua simu ya mezani, akabonyeza namba. Mkoba wa mama ukaanza kuimba.

Watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Mmoja akacheka waziwazi. Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwahi kuaibika kiasi hicho, na alijua kwamba aibu ya mama ni yeye aliyeileta.

"Niliandika mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Simu haikuibiwa. Hata mvua haikunyesha."

"Na mimi nilimwachia aandike," mama akasema. "Kwa hiyo kosa ni langu kwanza."

Karani akaikunja barua na kumrudishia Sindano. "Ningeipokea, ingekuwa taarifa ya uongo, na hapo mngekuwa na shida kubwa kuliko deni. Sasa tuanze upya. Mama, naomba kitambulisho."

Aliingiza namba kwenye kompyuta, akachapa karatasi, akaigeuzia upande wao. Yalikuwepo mambo mawili. La kwanza lilikuwa mkopo wa cherehani, ambao ulionyesha kwamba awamu ya mwisho haikulipwa.

"Nililipa!" mama alisema. "Siku hiyo simu yangu iliishiwa chaji, nikampa mdogo wangu pesa mkononi akalipa kwa simu yake."

"Aliandika namba ya mkopo wako alipolipa?"

Mama akafikiri. "Sidhani. Alituma tu."

"Basi pesa zilifika bila kujulikana ni za nani. Lete ushahidi wa malipo kutoka kwenye laini yake, nasi tutamwandikia mkopeshaji asahihishe. Hulipii chochote. Ni haki yako."

Jambo la pili lilikuwa mkopo mdogo wa simu. Mama alipouona alishusha pumzi. "Huo ni wangu kweli. Nilinunua dawa, mtoto huyu alipougua. Kila mwezi nikasema nitalipa mwezi ujao, mwisho nikauacha."

"Huo hakuna wa kuufuta, mama. Awe na ofisi, awe na viatu vya kung'aa. Ulipe, uandikwe umelipwa."

Karani alijuaje habari za viatu? Bila shaka hawakuwa wa kwanza kufika pale.

Mama alilipa siku hiyo hiyo kutoka kwenye pesa za kianzio. Sindano akapewa karatasi nyeupe aandike maombi ya kusahihishiwa taarifa. Alishangaa kuona kwamba barua ya kweli ilikuwa ngumu zaidi, maana hakuwa na ruhusa ya kuongeza kitu. Ilikuwa na mistari minne.

Kutoka hapo walikwenda kibandani kwa mjomba. Malipo yakapatikana kwenye kumbukumbu za laini yake, kama mama alivyosema. Mjomba akafurahi, kisha akauliza kama Mtaalamu alikuwa amekwisha kulipwa.

"Sijamlipa, wala sitamlipa," mama alisema. "Kwani wewe ulimjuaje?"

Mjomba akashika bisibisi, akaanza kufungua simu ambayo haikuwa na tatizo lolote. "Alikuwa ananisafishia jina na mimi."

"Limesafishika?"

"Anasema bado wiki mbili."

"Amesema hivyo tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, dada."

Mama alitaka kucheka, lakini alipomwona alivyoinama, hakucheka.

Sahihisho lilichukua wiki kadhaa. Mwalimu mkuu hakuweza kungoja zote, nusu ya kazi akampa fundi mwingine. Nusu ya pili alimwekea mama, na chama kilipoona taarifa mpya kikatoa mkopo. Mashine ya ovaloki ilipoletwa, mjomba alikuja kusaidia kuibeba. Sindano alikuwa akisoma karatasi mpya kutoka ofisini.

"Mama, mbona mkopo wa simu bado upo? Wameandika ulichelewa kulipwa."

"Uache usomeke. Ndivyo ilivyokuwa." Mama aliweka kitambaa cha kwanza chini ya sindano ya mashine. "Mwanangu, makosa ya watu kwenye jina lako, una haki ya kudai yasahihishwe, tena bila kumlipa mtu. Lakini kosa lako mwenyewe halifutwi kwa uongo hata ukiandikwa kwa mwandiko mzuri. Dawa ya deni ni kulipa. Na anayekuahidi njia ya mkato, muulize kwanza nani amepita akafika."

Sindano akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua uzi, akaanza kuutunga.

Mjomba, aliyekuwa akifuta jasho mlangoni, alikohoa kidogo. "Dada," alisema, "yule karani wenu Jumatatu anafungua saa ngapi?"