Mkanyaga Upepo

Vuuuuu…

Sauti moja tu. Nene, ndefu, ya chini kabisa, kama ng'ombe anayelia ndani ya pango. Ilipita juu ya mabati ya mtaa wa Mutanga Nord, ikatikisa kioo cha dirisha, ikakatika.

Ildephonse aliketi kitandani. Hakuwa na haja ya kujiuliza. Mtu aliyepiga kinanda kimoja kwa miaka kumi na minne huijua kila filimbi yake, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe gizani. Ile ilikuwa filimbi ya mbao, ndefu kuliko zote, ya kwanza upande wa kushoto. Ilikuwa haijalia kwa miaka mitatu.

Wala haikuweza kulia. Filimbi hailii bila upepo, na upepo wa kinanda kile haukupatikana bila miguu ya mtu.

Akasikiliza mpaka kukakucha. Milimani bunduki zilitatarika kidogo, zikanyamaza. Mbwa walibweka. Kanisani, hatua mia mbili kutoka chumbani kwake, kimya.

Jioni ya siku ile Padri Xavier alimwita uani kwa parokia.

"Mwalimu, yule mzee wa vinanda anafika Jumapili. Anazunguka Afrika kutazama vinanda vya karne iliyopita, hata vita havimzuii. Kapanguse vumbi. Halafu ujaribu kama kinatoa sauti."

"Hakuna wa kukanyaga, Mon Père."

"Tafuta mtu. Kwani wanaume wamekwisha mjini?"

Padri alicheka, kisha cheko likamfia mdomoni. Ulikuwa mwaka 1998, na maneno kama hayo hayakumchekesha mtu Bujumbura.

Ildephonse akachukua kitambaa, mshumaa na ufunguo. Jua lilikuwa likizama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Ilikuwa kazi ndogo. Kupangusa vumbi, kujaribu sauti, kurudi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Ndivyo alivyojiambia, hatua kwa hatua, akitembea.

Alikipenda kinanda kile kuliko inavyofaa kupenda kitu. Kiliundwa Ubelgiji mwaka 1884. Mapadri wa zamani walikipakia vipande vipande, kikasafiri kwa meli mpaka Dar es Salaam, kwa treni mpaka Kigoma, kisha kwa meli tena juu ya Ziwa Tanganyika. Kilikuwa na filimbi mia nne na kumi na mbili. Nyingine za bati, nyembamba kama kidole cha mtoto. Nyingine za mwaloni, ndefu kupita mlango. Kilipolia chote pamoja, sakafu ilitetemeka, na kina mama waliokuja na misiba yao walilia bila aibu.

Kilikuwa hakina mashine. Nyuma yake kulikuwa na chumba chembamba, kama kabati, chenye mivukuto ya ngozi na makanyagio mawili ya mbao. Mtu mmoja alisimama humo gizani na kukanyaga, mguu huu, mguu ule, ili mwenzake aliye mbele apate upepo wa kupigia. Hawakuonana. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Mpigaji alimwita mkanyagaji kwa jina, naye akaanza. Misa ikiisha alimwita tena, naye akaacha, akafungua mlango mdogo wa pembeni, akatoka akitiririka jasho. Bila kusikia jina lake hakuacha, hata kama muziki ulikuwa umenyamaza. Huenda mpigaji anageuza ukurasa tu. Huenda padri bado anahubiri.

Kwa miaka kumi na moja mkanyagaji alikuwa mtu mmoja, mume wa Médiatrice. Siku za kazi alishusha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama, mikungu sita kwa safari, na miguu yake ilikuwa migumu kama mchi. Tangu alipotoweka, Ildephonse hakuwahi kulitamka jina lake. Hata katika sala. Alisema "yule". Alisema "marehemu", kisha akajisahihisha haraka, kwa sababu rasmi yule mtu hakuwa amekufa.

Mtu aliyesimama mlangoni pa kanisa jioni ile alikuwa Médiatrice mwenyewe.

Alikuwa na beseni tupu la ndagala, dagaa wa ziwani, ubavuni. Kumbe alikuwa amekuja kwa miguu kutoka soko la Mutakura.

"Mwalimu."

"Mama Elvire. Saa hizi uko hapa?"

"Mi nilisikia usiku."

"Ulisikia nini?"

"We pia ulisikia. Macho yako ni nyekundu." Akatazama ufunguo mkononi mwake. "Fungua."

"Giza linaingia. Urudi nyumbani, mama."

"Nyumbani kuna nini? Jirani wananiimbia kila siku, bwana yako ameoa kule Uvira, bwana yako anakula samaki mubichi na Mukongomani muzuri. Mi nauza ndagala, nacheka nao. Fungua, mwalimu."

Alifungua.

Ndani kulikuwa na harufu ya nta, ya popo, ya vumbi. Ildephonse aliwasha mshumaa. Walipanda ngazi za mbao kuelekea roshani ya kwaya, yeye mbele, mwanamke nyuma.

Ngazi ya saba alisimama.

Kwiiu… kwaau… Kwiiu… kwaau…

Mbao juu ya mbao. Polepole. Mguu huu, mguu ule.

"Ni panya," alisema.

Médiatrice alimsukuma mgongoni, wakapanda.

Juu, kinanda kilisimama kama alivyokiacha, filimbi zake zikiuakisi mwali wa mshumaa. Lakini harufu ilikuwa imebadilika. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyoloa. Ya jasho. Na chini yake, tamu, nzito… ndizi mbivu.

Médiatrice aliweka beseni chini taratibu.

Pembeni mwa kinanda, karibu na vitufe, kulikuwa na kijiti kilichofungwa uzi. Kilipanda upepo ulipojaa, kilishuka upepo ulipopungua, ili mpigaji ajue. Kwa miaka mitatu kilikuwa kimelala chini kabisa.

Sasa kilikuwa juu.

Kinanda kilikuwa kimejaa pumzi. Kilisubiri.

"Piga," alinong'ona Médiatrice.

"Apana." Neno la mtaani lilimtoka yeye, mwalimu wa Kifaransa.

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa Jumamosi moja ya Machi, 1995.

Siku ile walikuwa wawili tu kanisani, yeye mbele, yule nyuma, wakijizoeza nyimbo za Kwaresima. Mwaka ule kila mtaa ulikuwa na upande wake, na mtu wa upande mwingine, kama yule, aliingia na kutoka kwa kuviziavizia. Vijana saba walipanda ngazi hizi hizi. Ildephonse aliwaona katika kioo kidogo kilichomsaidia kumwona padri altareni. Alikuwa na muda. Angeita jina mara moja tu, yule angeacha, angefungua mlango, angeshuka kwa ngazi ya nje. Hilo tu.

Aliendelea kupiga. Aliogopa kwamba akiita watamsikia.

"Endelea, mwalimu, endelea, ni muzuri," mmoja alisema, akakaa kwenye benchi la kwaya kama mtu aliyealikwa. Alikuwa amewahi kuimba besi katika kwaya ile. Alijua kinanda hakipumui chenyewe. "Nyuma iko nani?"

"Hakuna mtu."

Wakacheka. Aliacha kupiga. Na katika kimya kile wote walisikia, kwiiu, kwaau, kwiiu, kwaau. Mtu mwaminifu akikanyaga, akisubiri jina lake.

"Sha, hakuna mutu? Basi tutupe gruneti hapa katikati, tuone nani anatoka."

Hapo ndipo lilipotokea lile jambo. Ildephonse alikuwa ameligeuzageuza kwa miaka mitatu, na kila upande lilimchoma. Hakufikiria mke wa mtu. Hakumfikiria hata mtu. Alifikiria filimbi. Bati la 1884. Mwaloni.

"Msiharibu kinanda," alisema. "Mlango uko huku, kushoto."

"Ni nani huyo?"

"Simjui."

Walimtoa. Hakupiga kelele. Alimtazama Ildephonse kwa mshangao mdogo, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Wakamshusha, gari likawaka, likaondoka. Upepo uliobaki ndani ulitafuta njia, ukaipata ile filimbi ndefu, ukalia peke yake… vuuuuu… mpaka ukaisha.

Jioni ile Médiatrice alikuja kuuliza. Naye alimwambia, akimtazama machoni, "Leo hakuja kazini."

Kwiiu… kwaau…

Mshumaa ulicheza. Kitufe cha kwanza kushoto kilizama taratibu, kana kwamba kidole kimekikalia.

Vuuuuu…

Sakafu ilitetemeka chini ya miguu yao. Kisha kitufe cha pili kikazama. Cha tatu. Ulikuwa wimbo wa Kwaresima, kuanzia pale pale alipoukatiza, noti ile ile, bila kukosea.

Ildephonse alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mwalimu." Sauti ya Médiatrice ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Nyuma iko nani?"

"Sijui."

Kukanyaga kukaongeza kasi. Filimbi zikaitikia, kumi, ishirini, nyembamba na nene. Vumbi la miaka mitatu lilitoka midomoni mwa filimbi hizo kama moshi. Mshumaa ukazimika.

Giza.

"Mi siko na wale wanaoua watu," Médiatrice alisema gizani, karibu na sikio lake. "Mi sina panga. Mi nakuuliza tu, kama nilivyokuuliza siku ile pale mlangoni kwako, na mutoto mgongoni. Nyuma iko nani?"

Aliteleza ukutani, akaketi sakafuni kama mtoto aliyeadhibiwa. Alipofungua mdomo yalitoka maneno.

"Alikuja kazini. Jumamosi ile alikuja. Nilikudanganya."

Kinanda kililia juu yao.

"Wale walitaka kulipua kinanda. Nikawaonyesha mlango. Ni mimi, mama Elvire. Kwa mkono huu. Halafu nikasema simjui."

Mwanamke alivuta pumzi. Ilikuwa ndefu sana, na Ildephonse akaingojea irudi, akaingojea. Iliporudi, haikuwa na kilio.

"Miaka tatu nimemutukana bwana yangu," alisema. "Usiku nalala nikimulaani na mwanamuke ambaye hayuko. Mutoto wangu anajua baba yake ni malaya. Kwa sababu ya filimbi."

"Ndiyo."

"Uliona wamemuua?"

"Sikuona. Waliondoka naye. Sijui alipo."

"Unajua." Ildephonse alisikia beseni likigongwa na mguu wa mwanamke gizani, kisha kiganja chake kikipapasa mbao, kikielekea kushoto. "Hajatoka. Hujamwita. Alikuwa ananiambia kila Jumapili, mi siwezi kuacha kabla ya mwalimu kuniita, ni heshima. Mwite."

Ildephonse alitikisa kichwa, ingawa hakuna aliyemwona. Alikuwa ameielewa hofu yake ya miaka mitatu. Haikuwa hofu ya sauti ile. Desturi ilikuwa na sehemu mbili. Mkanyagaji akiitwa, huacha. Kisha hufungua mlango na kutoka.

"Nikimwita, atatoka," alinong'ona.

"Atoke."

"Mama, hatujui ni nini kitakachotoka. Miaka mitatu…"

"Mi namujua. Mi nilimufulia shati. Hata awe namna gani." Kiganja chake kilitulia juu ya mlango mdogo. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilitetemeka. "Amechoka, mwalimu. Husikii miguu yake?"

Alisikia. Chini ya filimbi zote, chini ya ngurumo, hatua zilikuwa zikiburuta. Mguu huu… mguu ule… Kulikuwa na pumzi pia, nzito, ya mtu anayepanda mlima na mzigo ambao hakuna aliyemwambia autue.

Wimbo ulifika mwisho. Filimbi zikanyamaza moja moja, mpaka ikabaki ile ndefu. Kisha nayo ikanyamaza.

Kwiiu… kwaau… Kwiiu… kwaau…

Ildephonse akainuka kwa kushika ukuta. Alipapasa gizani mpaka kwenye vitufe.

"Télesphore," aliita.