Kiu ya Mama Odette

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Odette alichota maji kwenye bomba la mtaa wao wa Bwiza, mjini Bujumbura. Mwaka ule wa 1969 mtungi ulikuwa haufiki jioni. Mama yake, Namegabe, alikuwa na mimba ya miezi sita, na kiu yake haikuisha. Alikunywa, akaenda msalani, akarudi kunywa tena. Majirani walisema ni mambo ya mimba tu.

Odette alikuwa na miaka kumi na miwili, naye hakuwa na ndugu. Walipokuwa bado Bukavu, nchini Kongo, mama yake alijifungua mtoto wa kiume mkubwa ajabu. Mtoto yule alikwama wakati wa kuzaliwa, akafa kabla ya kulia. Kisha vita vikaja, wakakimbilia Burundi. Odette alipowaona wenzake wakibeba wadogo zao mgongoni, aligeuza uso.

Kwenye zahanati, mkunga aitwaye Consolate alichemsha mkojo wa Namegabe pamoja na dawa ya rangi ya buluu. Dawa ikageuka nyekundu kama tofali. Consolate akaeleza kwamba ni ugonjwa wa sukari, ule unaowapata baadhi ya wanawake wakiwa na mimba. Alimtaka Namegabe aache sukari, ndizi mbivu na pombe ya ndizi. Ale maharage, mboga za lengalenga na samaki wadogo wa ndagala, na ugali kidogo tu. Atembee kila jioni, na arudi kupimwa kila wiki.

Baba yake Odette, Cirimwami, aliyefanya kazi bandarini, aliacha kabisa kuleta sukari nyumbani. Wote wakanywa chai bila sukari.

Lakini Namegabe alikuwa na hamu nyingine. Nyuma ya nyumba ya mama yake, kule Bukavu, ilistawi migomba ya kamaramasenge, zile ndizi ndogo tamu kama asali. Siku moja alimtuma Odette sokoni akamnunulie.

“Usimwambie baba yako,” alisema. “Nikila ndizi hizo, naona niko kwa mama.”

Odette alinunua. Mama yake alikula huku akimsimulia juu ya ile nyumba, juu ya ukungu wa asubuhi na sauti ya bibi yake akiita kuku. Alicheka, na Odette alikuwa hajamsikia akicheka tangu walipohama. Basi kesho yake akaenda tena sokoni bila kutumwa, na siku zilizofuata vilevile.

Walipofika kupimwa, dawa ikageuka nyekundu kuliko mara ya kwanza. Consolate akauliza kama Namegabe alikula kitu kitamu. Namegabe akakana. Odette alitazama miguu yake. Alimkumbuka mdogo wake wa kiume alivyofungwa katika kitenge, bila sauti.

“Madamu,” alisema polepole, “mama anakula ndizi. Mi ndiye ninamununulia.”

Consolate hakugomba. Alivuta kiti, akawaeleza kwamba sukari ikizidi kwa mama humfikia mtoto tumboni, naye hunenepa kupita kiasi hata akakwama wakati wa kuzaliwa. Akishazaliwa, sukari yake huweza kushuka ghafla. Mama naye huweza kupandwa na shinikizo la damu.

Namegabe akauliza kwa sauti ndogo, “Yule wa Bukavu alikufa kwa hiyo?”

“Sikuwepo, Mama Odette, siwezi kusema. Inawezekana. Lakini si kosa lako, hakuna aliyekuambia. Wa sasa, umeambiwa.”

Njiani Odette aliogopa kumtazama mama yake. Walipokaribia nyumbani, Namegabe akamshika mkono.

“Uliniaibisha,” alisema. “Lakini mimi ndiye nilianza kukufundisha kudanganya.”

Jioni hiyohiyo alimweleza mumewe yote. Tangu hapo walitembea watatu mpaka karibu na ziwa na kurudi, na habari za Bukavu zikasimuliwa njiani. Mara nyingine Namegabe alisimama akitazama milima ya Kongo ng’ambo ya maji, machozi yakimtoka, kisha akaendelea kutembea. Dawa ikaanza kubaki buluu.

Alijifungulia hospitalini, kama alivyoshauriwa. Alizaliwa mtoto wa kike wa kiasi, akalia papo hapo. Alinyonyeshwa mapema, wakamwangalia kutwa nzima, sukari yake isije ikashuka. Wakamwita Sikuzani, kwa kuwa mama yake hakudhani angempata.

Consolate alikuja kuwatazama. Alimkumbusha Namegabe arudi kupimwa, maana ugonjwa huo huondoka baada ya kujifungua lakini huweza kurejea. Kisha akamgeukia Odette.

“Ulimpa mama alichotamani kwa sababu unampenda,” alisema. “Siku ile uliposema kweli, ulimpenda zaidi.”

Alipoondoka, Odette aliuliza kama mama yake bado anaikumbuka Bukavu.

“Kila siku,” alijibu Namegabe, akimfunika mtoto vizuri. “Hamu si ugonjwa, mwanangu. Kuificha ndiko kulikoniponza.”