Samaki Wasiokauka

Samaki walikataa kukauka.

Gwantwa alikuwa amewapanga juu ya kichanja jioni, perege wanene aliowapasua na kuwatia chumvi kwa mikono yake mwenyewe, akasukuma magogo chini, akafunika kwa bati, akaenda kulala. Alfajiri alipofunua, magogo yalikuwa majivu, na bati lilikuwa la moto hata likamuunguza vidole. Lakini samaki walikuwa wakichuruzika maji. Tone, tone, tone, juu ya majivu. Hayakuwa mafuta. Aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Maji ya bwawa, yenye uchungu wa matope na majani yaliyooza.

Mumewe, Jairo, alisimama nje ya kibanda cha kubanikia. Siku hizi hakuwa akiingia.

"Kuni mbichi hizo," alisema.

"Kuni ni za mwaka jana, Baba Diana."

"Basi ukungu."

Katika milima ya Ileje ukungu hubebeshwa kila lawama. Mtoto akikohoa, ukungu. Maharage yakioza shambani, ukungu. Na Lusubilo, mdogo wake Jairo, alipotoka kuvua asubuhi moja na mtumbwi ukarudi peke yake, watu walisema ukungu pia, ingawa wengine, wakishusha sauti, walisema jini la bwawa limechukua chake. Bwawa la Ntumbwi lilijengwa juu ya bonde la miti, na miti ile haikukatwa. Ilifia wima ndani ya maji, na mpaka leo ncha zake zimetokeza juu kama vidole vya watu wanaoomba kutolewa.

Bwawa lile lina mwiko. Mtu akizama, kila mvuvi hutoa nyavu zake na kuzitundika kwenye uzio wa mwalo, pale mitumbwi inapotua, ili wote waone. Maji huitwa maji ya msiba. Hakuna wavu unaorudi mpaka aliyezama apatikane, au mpaka wazee wachoke kutafuta na kuyafungua maji kwa sala. Anayevunja mwiko hufukuzwa mwaloni, na siku akifa hakuna mkono utakaomchimbia kaburi.

Mwenyekiti wa wavuvi, Shadrack, ndiye aliyekuwa hodari wa kuuhubiri mwiko huo. "Wavu ndani ya maji ya msiba unamfunga marehemu," alisema siku ile mtumbwi wa Lusubilo uliporudi, akigonga kasia chini. "Unamfunga kama samaki. Mnanisikia?"

Gwantwa alisikia huku ameinamisha macho. Yeye ndiye aliyeshona nyavu zilizochanika pale mwaloni, na mara moja Shadrack alimletea, ndani ya gunia la mahindi, wavu wenye macho ya upana wa kidole kimoja, ule uliokatazwa kwa sababu hausazi hata vichanga vya samaki. Pale mwaloni hakuna mwingine aliyekuwa nao.

"Mama Diana, hiki hukukiona," alimwambia.

Akashona, akanyamaza.

Lusubilo hakupatikana. Wazee walichoka, maji yakafunguliwa, na tangu hapo samaki walikataa kukauka.

Clever, mnunuzi wao wa Tunduma, alipiga simu. "Shemeji, hawa samaki ni wa kubanika au wa kuogelea? Wateja wangu wa ng'ambo wamenirudishia kapu zima. Wazambia wamenicheka mpaka nimeona aibu."

"Nitawarudisha motoni."

"Warudishe na shule kabisa, labda watafundishwa kukauka."

Gwantwa hakucheka. Alikuwa akimtazama mama mkwe wake, Aida, aliyeketi juani na mablanketi mawili mabegani, akitetemeka. Mama huyu, ambaye macho yake yalikuwa yameingia utando mweupe, hakuwa amemlilia mwanawe. Kwao hakuna kilio pasipo kaburi. Gwantwa alipomshika mkono kumpa uji, aliuona baridi kama jiwe la mtoni.

"Mama unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Ninamgawia mtu."

Kesho yake Gwantwa aliamka mapema, wakati ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mapaa, akavuka ua bila viatu. Kabla hajafika kibandani alisikia sauti ya mama mkwe wake, ya chini, ya kubembeleza, sauti ambayo mtu humwekea mtoto mwenye homa.

"Sogea, mwanangu. Sogea motoni. Umeloa, wewe."

Akachungulia penye ufa. Kwanza aliona moshi, kisha akaona kwamba moshi ule haukupanda moja kwa moja bali uligawanyika, ukazunguka kitu, ukakutana tena juu yake, na kitu kile kilikuwa mgongo wa mwanamume aliyechutama, mwenye shati la buluu lililoshikamana na ngozi, na Aida alikuwa ameiweka mikono ya mtu yule ndani ya makwapa yake mwenyewe, kama mama anavyompasha mtoto, na kila mtu yule alipovuta pumzi ilisikika sauti ya maji yanayonyonywa na tundu, na kila alipoitoa mwanamke mzee alitetemeka, na harufu ya matope ikatambaa chini ya mlango mpaka kwenye vidole vya miguu vya Gwantwa, vikafa ganzi. Kisha uso ule ukageuka. Ulikuwa uso wa Lusubilo. Kutoka shavuni mpaka shingoni ulikuwa umechorwa mistari iliyokatana kama ya wavu, jicho kwa jicho, kila jicho upana wa vidole vitatu.

"Shemeji," alisema. "Baridi."

Elina aliletwa na bodaboda kutoka Ihanda, mwanamke mfupi mwenye kitenge cha kanisa na mkoba wa dawa. Yeye aliomba kwanza, kisha akachemsha mizizi, na hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Aliingia kibandani, akachota majivu yaliyoloa, akayanusa. Akarudi nje, akafunga mkoba wake.

"Mimi natoa majini," alisema. "Jini lina kiburi, ukilijua jina lake unaliaibisha, linaondoka. Huyu si jini. Huyu ni mtu wa kwenu, na amefungwa. Simfukuzi mtu anayeomba moto."

"Tufanyeje, mama?" aliuliza Gwantwa.

"Aliyemfunga akamfungue, mumzike. Tena upesi. Mama yenu anampa joto lake, na joto la mzee si kisima."

Aliposema hivyo alimtazama Jairo. Jairo alitazama bwawa.

Vidole vitatu. Gwantwa aliyajua macho yale kama anavyoyajua meno ya mwanawe. Mgeni alipoondoka alipanda darini, akavuta wavu uliokuwa umesukumwa nyuma ya magunia, akaukunjua sakafuni. Ulikuwa na tundu la upana wa mabega ya mtu. Kisiki huchana wavu ovyo ovyo, nyuzi zikabaki zimevutika. Hapa nyuzi zilikatwa kwa kisu, na mkataji hakuwa amemletea mkewe ashone.

Jairo alimkuta amepiga magoti juu yake.

"Nani kakwambia uushike huo?"

"Lusubilo."

Akaketi palepale mlangoni. Alisema kama mtu anayesoma maneno ya mwingine. Clever alikuwa ametishia kuhamia kwa wavuvi wengine. Wavu mmoja tu ndani ya maji ya msiba, katika ukungu, nani angeuona?

"Nilipouvuta ulikuwa mzito. Nikamshukuru Mungu. Gwantwa, nilimshukuru Mungu kabla sijaona mkono."

"Ukamfanya nini?"

"Ningemleta, wangeuliza kapatikanaje. Alama zilikuwa usoni."

"Ukamfanya nini, Jairo?"

"Nilimfunga kwenye mti. Ule wenye panda. Kwa kamba ya nanga, chini kabisa, asielee."

Chumba cha pili mama yake alikohoa, na kikohozi kiliisha kwa mlio wa maji.

"Mama anakufa," alisema Gwantwa.

"Najua."

"Basi kamfungue."

"Wakijua, hakuna atakayenizika."

Gwantwa alimtazama mume wake, mtu aliyemlaza mdogo wake majini kama chambo, na hakuona ndani ya moyo wake upendo wala chuki, ila uchovu mchungu kama shubiri. Hata hivyo aliahidi. "Nitakuzika mimi. Kwa mikono hii. Nenda."

Jairo alikwenda kulipokucha, na kisu mdomoni. Gwantwa alisimama ukingoni bila kumwona. Alisikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, likanyamaza. Alisikia mtu akijitosa. Baada ya muda alisikia kitu kikiibuka, na pumzi ndefu, na jina la Lusubilo likitajwa kwa upole. Kisha kujitosa tena. Kisha bwawa likafunga mdomo, na ukungu ukabaki umening'inia juu yake kama shuka juu ya kioo katika nyumba yenye maiti.

Wavuvi walikuta mtumbwi mtupu penye mti wa panda. Lusubilo alikuwa akielea kando yake, maji ya baridi yalikuwa yamemtunza, na usoni hapakuwa tena na alama. Jairo hakuwepo.

Walimzika Lusubilo juu kilimani. Aida alilia kilio alichokiweka muda wote ule, na alipolia mikono yake ilipata joto. "Mmoja karudi," alisema, "mmoja kaenda." Watu walimsifu Jairo: kaka wa kweli, aliyejitoa kumtafuta ndugu yake. Gwantwa hakuwasahihisha. Shadrack alisimama kando ya kaburi na kasia lake, akatangaza maji ya msiba tena, na kabla jua halijazama nyavu zote zilitundikwa kwenye uzio, hata za kwake.

Akahubiri tena. Unamfunga kama samaki, alisema. Mnanisikia?

Mwaloni pakawa kimya. Hakuna mtumbwi uliotoka, hakuna samaki aliyeonekana. Lakini kila alfajiri Gwantwa aliwasha moto kibandani chini ya kichanja kitupu, akakaa. Mama mkwe hakumwuliza kwa nini. Alimwachia blanketi lake moja.

Na alfajiri moja, juu ya kichanja kisicho na kitu, alisikia: tone, tone, tone.

Hakugeuka upesi. Alisubiri mpaka harufu ya matope ikae, mpaka moshi ugawanyike, mpaka mtu aliye nyuma yake achutame kwa namna anayoijua, goti la kulia kwanza, kama alivyochutama miaka yote akifunga viatu vya Diana, akaisikia ile pumzi ya kunyonya, ikavuta na kutoa, ikavuta na kutoa, karibu na sikio lake.

"Mama Diana. Baridi."

Alimshika uso kwa viganja vyote viwili, na baridi ikampanda mpaka mabegani. Vidole vyake, vidole vya mshona nyavu, vilitembea shavuni mwa mumewe, vikapapasa mistari iliyokatana. Vikapapasa tena kuhakikisha.

Macho yalikuwa madogo. Kidole kimoja.

Gwantwa alisukuma kuni zote motoni, hata zile za akiba. Akamfunika blanketi la mama yake.

"Ota," alimwambia. "Nilikuahidi. Nakuja."

Alichukua kisu cha kukatia nyuzi, akapanda njia ya kwenda kwa mwenyekiti. Ukungu ulikuwa mzito, hakuona nyumba mpaka alipoufikia ua. Lakini alikuwa ameshaisikia harufu. Katika kijiji ambacho hakuna aliyevua, kibanda cha Shadrack kilikuwa kinafuka moshi wa samaki.

Akasimama mlangoni. Ndani, juu ya majivu, kitu kilikuwa kikidondoka.

Akabisha hodi.