Aliyejibu Sijambo

Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, muda mfupi baada ya adhana ya Alasiri, Hidaya alijibu salamu huku mdomo wake umejaa uji.

Aliyemshikia kijiko alikuwa Hamza, mumewe. Mvua ilikuwa imekatika, bati linadondosha matone ya mwisho, na ukungu umeifunika milima hata mtu akisimama uani kwao Mafiga angedhani Morogoro haina mlima. Mlangoni mwanamke akapiga hodi.

"Hodi wenyewe! Mama Shadia, hujambo?"

"Sijambo kabisa, alhamdulillah. Karibu."

Sauti ilikuwa ya Hidaya, nayo ilitoka upande wa kitanda. Lakini Hamza alikuwa akiutazama mdomo wa mkewe, kwa kuwa uji ulikuwa unamtoka pembeni, na midomo ile haikuwa imetikisika. Macho ya Hidaya yakamgeukia taratibu, kama ya mtu anayeomba asiulizwe kitu.

Hamza akaweka kijiko chini. Alijiambia kwamba amesikia vibaya. Kutwa nzima hushinda mashineni akikoboa mpunga wa Dakawa, na masikio yake yalikuwa yameanza kuvuma.

Mgeni aliitwa Daktari Martina, mwanamke mrefu wa Bukoba, raba zake zimejaa tope. Bi Maimuna, mama mzazi wa Hidaya, alimkaribisha sebuleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye daktari mpya?"

"Mimi sitibu, mama. Nimetumwa kuukagua utafiti uliofanywa na wenzangu. Nawazungukia wagonjwa wao nyumba kwa nyumba."

Utafiti wenyewe Hamza aliujua. Hidaya alikuwa mpishi wa vitumbua, mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Kisha akapata homa. Homa ilipita, nguvu hazikurudi. Akiosha vyombo leo, kesho yake hanyanyuki. Walipima damu, walipima mkojo, walipiga picha, na kila jibu lilikuja safi. Ndipo kliniki moja ikamwandikisha kwenye utafiti wa uchovu sugu. Walimwambia mwili wake ni mzima, kinachomlaza ni hofu, kwa hiyo atembee, na kila wiki aongeze mwendo kidogo. Kila mwezi alikuja mtu kumuuliza anajisikiaje.

"Na alikuwa akijibuje?" aliuliza Daktari Martina.

"Alijibu kama nilivyomlea," alisema Bi Maimuna. "Mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo. Ukishasema sijambo ndipo unaeleza kinachokuuma, kama atakaa kukusikiliza. Sisi Waluguru hatumtapikii mgeni mlangoni. Ninyi Wahaya ndio hata mkiumwa mnaumwa kwa kujisifu."

Daktari alicheka kweli. "Basi mama, wangekuja kutuuliza sisi, utafiti wote ungesema tunakufa!"

Kisha kicheko kikamwisha usoni.

"Hapo ndipo penye shida. Taarifa yao inasema karibu wote wamepona, na wanataka njia hii itumike mkoa mzima. Nimeikagua. Walioacha kwenda kliniki kwa kuzidiwa, wametolewa kwenye hesabu. Waliobaki waliulizwa kwa mdomo, wakasema sijambo, ikaandikwa wamepona. Hakuna aliyetazama kama mtu anaweza kubeba ndoo ya maji."

"Kwa hiyo anaumwa nini?" Hamza aliuliza.

"Sijui, Baba Shadia. Anaumwa kweli, hilo naliona. Jina la chanzo chake sina, na siwezi kulitunga."

Halafu akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Humu ndani yumo mwanamke mwingine?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Jana nilikuwa Kihonda, kwa mzee mmoja mjane, anaishi peke yake. Leo asubuhi nilikuwa Kichangani. Kote nimejibiwa kabla sijafika kitandani. 'Sijambo kabisa, alhamdulillah. Karibu.'" Aliangalia pazia la chumbani. "Nilidhani ni jirani. Sasa nimeisikia hapa. Ni sauti ya mke wako, Hamza."

Pazia lilikuwa limetulia. Harufu ya mdalasini mbichi uliolowa, kama gamba lililobanduliwa mtini sasa hivi, ilipita sebuleni. Katika nyumba ile hakukuwa na mdalasini.

Tangu siku ile Hamza alianza kusikiliza. Jirani akipita dirishani akasema, "Mama Shadia, waendeleaje?", sauti ilijibu, "Naendelea vizuri." Binti yao Shadia, anayesoma chuo Dodoma, akipiga simu, Hamza akimwekea mkewe simu sikioni, sauti ilijibu kabla simu haijafika, tena kwa uchangamfu, ikamuuliza mtoto habari za mitihani. Kadiri sauti ilivyonenepa ndivyo Hidaya alivyokonda.

Jioni moja, wakati wa Magharibi, Hamza alikuwa anakunja mkeka wa swala pembeni ya kitanda, na harufu ya mdalasini ikaanza tena, kwanza kidogo kama inatoka kwa majirani, kisha ikajaa chumba, na chini ya harufu ile ukaja mchakacho wa kandambili, mtu anatembea polepole kutoka mlangoni kuelekea kitandani, naye Hamza akaziona kandambili za mkewe zimetulia palepale ukutani, zina vumbi, hazijavaliwa, wakati mchakacho unaendelea kukaribia, ukapita nyuma ya mgongo wake, ukafika kichwani mwa kitanda, ukakoma, na godoro upande wa ukutani, upande ambao hakulala mtu, likabonyea.

Hidaya alimshika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi.

"Usiniulize," alinong'ona. Hiyo ilikuwa sauti yake hasa, kavu, iliyokatika katikati. Hamza hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, na alilia kwa kuitambua. "Nikiulizwa, anajibu yeye. Niache nilale tu. Usiniulize."

Asubuhi alikwenda kwa Shehe Ahmadi, mtu mzima wa mtaani kwao, anayewasomea wagonjwa bila makeke. Shehe alikuja baada ya Adhuhuri. Daktari Martina naye alikuwepo, amejifunga mtandio, amekaa kimya karibu na mlango. Shehe alisoma kwa utulivu, mkono wake juu ya bakuli la maji. Alisoma mpaka paji lake likatoka jasho. Ndipo Hidaya, ambaye kwa wiki kadhaa hakuinua shingo, akaketi wima.

"Umemtoka mja huyu?" aliuliza Shehe.

"Nimetoka, Shehe. Naapa. Hajambo kabisa."

Bi Maimuna alipiga kigelegele. Hamza aliporomoka sakafuni, akasujudu.

"Shehe, samahani," alisema Daktari Martina. "Mimi si wa dini yenu na sijui kazi yako. Lakini huyo aliyesema ametoka, amesema hayo akiwa wapi?"

Kigelegele kilikatika. Shehe Ahmadi aliuondoa mkono wake juu ya bakuli la maji.

"Kweli," alisema polepole. "Majini huongopa, nasi tunawauliza wao wenyewe. Mlazeni. Asinyanyuliwe, asiulizwe. Nitarudi Ijumaa nisome tena, na sitamuuliza neno."

Lakini Hidaya alikuwa tayari amesimama. Alikwenda jikoni, akachekecha unga, akaukoroga, akaanza kuchoma vitumbua. Hamza alisimama mlangoni akimtazama mkewe akiwa wima, na moyo wake ulijaa kiasi kwamba maneno ya Shehe hayakupata pa kukaa.

"Ijumaa mbali," alisema Bi Maimuna. "Mtu akipona, anapelekwa kwa wajomba zake wamwone, ndiyo desturi yetu. Kesho tunapanda Towelo."

Daktari alimvuta Hamza pembeni. "Baba Shadia, ugonjwa huu haupigi siku ya kazi. Unapiga kesho yake, kesho kutwa. Umekaa naye, unajua. Mwache alale."

"Daktari, si unaona anatembea?"

"Naona leo."

"Ngoja basi nimuulize mwenyewe."

"Hamza, usi..."

"Mama Shadia," Hamza aliita, "kesho utaweza kupanda mlima?"

Hidaya alikuwa amewapa mgongo, anageuza kitumbua. Mgongo ule ulikuwa unatetemeka kama wa mtu aliyebeba gunia.

"Naweza, mume wangu," ilijibu sauti. "Mbona nina nguvu tele."

Hilo ndilo jibu alilolitaka, naye akalipokea.

Bodaboda ziliwafikisha mwisho wa barabara, na kutoka pale njia ni ya miguu, wima, kati ya migomba na mawe yenye utelezi. Hidaya alipanda mbele. Kila waliyekutana naye akishuka na mzigo wa ndizi alisalimu, na kila salamu ilijibiwa kwa furaha. Wajomba walimpokea, wakachinja jogoo, wakamsifu Mungu. Alikula kidogo. Wakati wa kuondoka alikaa juu ya jiwe, akaangalia mji kule chini, akafumba macho. Hakuyafumbua. Walimteremsha kwenye machela ya miti na kanga, na njia nzima, katika ukungu, wabebaji walipoulizana, "Mgonjwa vipi?", waliambiwa kutoka chini ya kanga, "Hajambo, hajambo, twendeni." Hakuna aliyeuliza tena. Walitembea wakisikiliza miguu yao tu, na kila mmoja kwa siri alihesabu miguu ile na kuiona ni mingi kuliko watu.

Hidaya alifariki Jumanne, alfajiri, bila neno. Walimzika siku hiyohiyo baada ya Adhuhuri. Daktari Martina alifika mazikoni. Alikuwa ameshapeleka maandishi yake: utafiti ule haukuthibitisha kupona kwa yeyote, na wagonjwa wasilazimishwe kutembea. Alimshika Hamza mkono, hakumuuliza hali.

Shadia alikuwa njiani kutoka Dodoma. Kama ilivyo kwetu, hakuambiwa kweli ndani ya basi. Aliambiwa mama amezidiwa, njoo. Mtaa wa mbele ulikuwa umeharibiwa na mvua, kwa hiyo bodaboda alimshusha uchochoroni, akaingilia mlango wa uani. Watu wote walikuwa mbele chini ya turubai.

Walimwona akitokea kutoka ndani ya nyumba, begi begani, uso wake umejaa nuru. Alitazama mikeka, akatazama wanawake waliojitanda.

"Shikamoo baba. Jamani, mbona mmenitisha hivi? Nani amefariki?"

Hamza aliinuka, akampokea begi.

"Mama nimempigia hodi dirishani," alisema Shadia. "Kaniitikia vizuri tu. Anasema hajambo kabisa, niingie nikale vitumbua."

Bi Maimuna alijiziba mdomo kwa mtandio. Upepo ulivuma kutoka ndani ya nyumba, na waliokaa mikeka ya mbele waliisikia harufu ya mdalasini.

Shehe Ahmadi hakugeuka kuutazama mlango. Aliinua mikono, na watu wote wakainua yao.

"Ewe Mola, mja wako Hidaya amekuja kwako amechoka. Wewe huhitaji kumuuliza hali yake, maana uliijua tulipokuwa hatuijui. Msamehe, umrehemu, ulipanue kaburi lake, umpe humo usingizi tuliomnyima. Na malaika wako watakapomjia kumuuliza, usimwachie mwingine amjibie. Mjaalie ajibu mwenyewe, kwa sauti yake. Amina."