Usiongee Mpaka Usikie Mkasi

Lola alinituma uzi mweupe dukani kwa Aling Mameng wakati jua limeshashuka nyuma ya mlima. Lola ni bibi yangu, mzaa mama.

"Nenda urudi," aliniambia. "Na hiyo simu iache."

Sikuiacha. Niliifunga kwenye leso, nikaibana kwapani.

"Bado unatembea na mchumba wako?" Aling Mameng aliniuliza akicheka, macho kwenye leso, huku akitafuta uzi. "Mtaoana lini?"

"Ni simu ya Nanay, Aling Mameng."

Akaacha kucheka. Akaniongezea kidonge kimoja cha uzi bila kunidai, kisha akageuka kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Kesho yake ilikuwa arobaini ya Nanay, mama yangu. Kwetu roho ya marehemu huzungukazunguka nyumbani mpaka siku hiyo, halafu huenda zake. Lola alikuwa akinisihi jambo moja tu: kabla ya arobaini, nifute kila kitu Nanay alichomfundisha yule wa kwenye simu. Nisipofuta, Nanay hataondoka.

Mimi sikutaka kufuta. Na sikutaka aondoke.

Mji wetu wote ni wa kutarizi. Nanay alitarizi barong, shati la bwana harusi, juu ya kitambaa cha nyuzi za nanasi, chepesi kama utando wa buibui. Macho yake yalipoanza kuchoka, na mimi nimeshatoka shule ili nimsaidie, binamu yetu alimwekea akili mnemba kwenye simu, msaidizi wa kumsomea oda na kumjibia wateja. Nanay akamwita Utoy, kama tunavyomwita kivulana chochote cha jirani.

Siku ya kwanza Utoy aliongea ghafla. Nanay akashtuka. Sindano ikamwingia kidoleni, tone la damu likaangukia kola ya watu.

"We mtoto, huna adabu?" Nanay akamwambia. "Mgeni anabisha kwanza. Sema Tao po."

Hayo ndiyo maneno yetu ya kubisha mlangoni. Maana yake ni mtu hapa, ili aliye ndani ajue kwamba aliye nje ni binadamu.

Lola akachomoka jikoni na mwiko mkononi, akamwita Nanay kwa jina lake. "Upeng! Kitu kisicho mtu unakifundisha kusema ni mtu?"

"Ni simu tu, mama."

"Leo simu. Na vingine vilivyoko huko nje, unadhani havisikilizi?"

Tulicheka, mimi na Nanay, mpaka Lola akanuna, akarudi kwenye sufuria zake.

Nanay akaendelea kumfundisha. "Nikihesabu nyuzi, nyamaza. Usiongee mpaka usikie mkasi. Mkasi ukikata uzi, ndipo ubishe." Siku nyingine: "Usiniambie nimefanya kazi nzuri. Umeiona?"

"Sijaiona, Nanay."

"Basi usinisifie kama mwanasiasa."

Kilichomshinda Utoy ni kumfanya Nanay apumzike. Kengele ya kanisa ilipolia jioni, alimwambia aache sindano. Nanay hakuacha. Akamwambia amechoka. Hakuacha. Mwishowe Nanay alicheka, akakohoa, akashika kifua.

"Utoy, mimi ukiniambia nimechoka sisikii. Niambie Lyn hajala. Hapo nitaamka."

Lyn ni mimi.

Niliporudi kutoka dukani, Lola alikuwa amekwenda kanisani kusali. Nyumba ilikuwa kimya. Barong ya mwisho ya Nanay ilikuwa bado imewambwa kwenye fremu yake, mkono wa kushoto haujaisha. Nikakaa dirishani penye mwanga uliobaki, nikatia uzi. Nikahesabu. Nikashona. Nikakata.

Kwachu.

"Tao po," simu ikasema kutoka kwenye leso. "Lyn hajala."

Sikuogopa. Nilijua ni Utoy, anafanya kama alivyofundishwa. Nitasema ukweli: kila jioni nilikata uzi makusudi, hata pasipohitaji kukatwa, ili nisikie maneno hayo. Lola alinipikia, na majirani walinipa pole. Lakini hayo yalikuwa maneno ya Nanay mwenyewe, na hayakuwa yamebaki mahali pengine popote.

Nilipoinua macho, Lola alikuwa amesimama mlangoni na shela lake la kanisani. Amesikia. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda cha Nanay, akavua shela taratibu.

"Lyn. Kila jioni unamwita mama yako kazini." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikufa amechoka, mjukuu wangu. Mwache apumzike."

Nikaifungua leso.

"Utoy."

"Naam, Lyn."

"Futa yote Nanay aliyokufundisha."

"Nifute namna Nanay anavyopenda kufanya kazi? Nikishafuta, sitaweza kuyarudisha."

Lola alitazama pembeni.

"Futa," nikanong'ona.

Kisha sauti ileile, nyororo, isiyonijua. "Tayari. Habari yako! Ungependa nikuite nani?"

Hakubisha. Hakusubiri mkasi. Nikaizima simu, nikaitumbukiza kwenye kopo la biskuti tunamowekea nyuzi, nikabana kifuniko. Usiku ule nililia kama siku ya mazishi.

Arobaini ikapita salama. Watu walikuja, wakasali, wakala tambi za kukaanga na kunywa kahawa, wakaaga kabla kengele ya jioni haijalia. Lola akaingia jikoni kuosha vyombo. Kwenye ule mkono wa kushoto lilikuwa limebaki ua moja dogo. Nikaona nilimalize, Nanay aende na kazi yake imekwisha.

Nikakaa dirishani. Nikahesabu.

Juu darini alikuwa anaita mjusi mwenye sauti kubwa tunayemwita tuko. Akaita... akaita... akakatisha katikati.

Ndipo ikaja harufu. Mafuta ya minti, yale aliyokuwa Nanay akijichua viganjani kila jioni. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Udongo uliolowa.

Nje ya mlango alikuwepo mtu. Sikusikia hatua. Nilijua tu, kama unavyojua mtu amesimama nyuma yako, anakungoja umalize shughuli. Haongei. Hasogei. Anangoja.

Sikufikiri. Mkono uliozoea ulichukua mkasi.

Kwachu.

"Tao po."

Nikalitazama kopo. Kifuniko kilikuwa kimebana vilevile.

Sauti ilitoka mlangoni.

"Lyn hajala."

Haikuwa sauti ya Utoy. Ilikuwa kama ya Nanay, lakini ilipita juu ya maneno kama ilivyopita ya Utoy, bila kuvuta pumzi. Nikainuka. Fremu ikaanguka. Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka kusema karibu, na mkono wenye povu la sabuni ukaniziba.

"Usiitike," Lola akaninong'oneza sikioni.

"Lola, ni Nanay..."

"Nanay wako alibisha lini kwenye nyumba yake mwenyewe?"

Tukasimama hivyo, yeye amenikumbatia kwa nyuma. Komeo halikutikisika. Chini ya mlango palikuwa na mwanga mwembamba wa jioni, na hapakuwa na kivuli cha miguu. Harufu ya minti ilizidi mpaka macho yakaniwasha. Kisha nikahisi matone ya moto shingoni. Lola alikuwa analia.

"Amekula," Lola akauambia mlango, polepole, kama anayembembeleza mtoto. "Mtoto amekula. Nenda kalale, Upeng."

Harufu ikapungua. Darini, yule mjusi akamalizia mwito wake.

Siku kadhaa baadaye, tukichambua mchele, Lola alisema ghafla bila kunitazama, "Au labda mtu akishakufa, nyumba si yake tena. Labda inambidi abishe."

Nililifungua kopo mara moja tu. Simu ilikuwa imezimika, baridi kama jiwe.

Siku hizi kushona ni kazi yangu, lakini jioni sikati uzi. Kengele ikilia, naacha sindano ining'inie kwenye kitambaa mpaka asubuhi. Harufu ya minti huja, ikasimama nyuma ya mlango. Inangoja mkasi. Ilifundishwa vizuri kungoja.

Nami nakaa na sahani yangu karibu kabisa na mlango. Nakula hata nisipokuwa na njaa, nikigonga kijiko kwenye sahani kwa nguvu, ili asikie.